Kerneli Inapoanguka na Faili Ziko Kwenye Mtandao: Namna ya Kutafuta Chanzo

Katika ofisi na maabara za kompyuta zinazotegemea seva moja kuhifadhi faili za watumiaji wote, malalamiko huja kwa maneno yale yale: stima ilipotea, ikarudi, na sasa mashine zimekufa. Nimeyasikia Nakuru, na nimeyasikia zaidi Kisumu, ambako mvua ya radi ya alasiri si habari kwa mtu yeyote. Mara nyingi fundi anayeitwa hufika akiwa tayari ameamua kwamba kilichovunjika ni kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Makala haya yanahusu Linux na mfumo wa faili wa mtandao uitwao NFS, na hoja yake ni kwamba kabla ya kuuliza kilichoiua kerneli, ni lazima kuhakikisha kwamba imekufa kweli. Kerneli inayosubiri na kerneli iliyoanguka huonekana sawa kwa mtu aliyeketi mbele ya skrini iliyoganda, ilhali dawa ambayo wengi huikimbilia, ya kuzima na kuwasha upya, hufuta ushahidi wa hali zote mbili.

NFS ilibuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984, na lengo lake lilikuwa kwamba programu isijue, wala isihitaji kujua, kama faili inayoisoma iko kwenye diski ya ndani au iko kwenye seva upande wa pili wa jengo. Ili hilo liwezekane, kazi kubwa iliwekwa ndani ya kerneli yenyewe. Kwenye kompyuta ya mtumiaji, ambayo hapa tutaiita mteja, kuna moduli (kipande cha kerneli kinachoongezwa inapohitajika) ya nfs inayojionyesha kama mfumo wa faili wa kawaida, na chini yake moduli ya sunrpc inayofunga maombi na kuyatuma. Kwenye seva kuna moduli ya nfsd inayoyapokea, kwa kawaida kupitia poti ya 2049. Mpango huu hauna kasoro mtandao ukiwa mzima. Mtandao ukikatika, tatizo ambalo kwenye kivinjari lingeleta ukurasa mtupu tu, hapa linatokea ndani ya kerneli, mahali pasipo na dirisha la kumwambia mtumiaji ajaribu tena baadaye.

Ugumu wote unatokana na ukimya. Diski ya ndani ikiharibika hutoa hitilafu, na programu inaambiwa. Seva isipojibu, mteja hana njia ya kujua kama imezimika, imezidiwa na kazi, au kuna mtu aliyekanyaga kebo. Waliounda NFS waliamua kwamba katika hali hiyo ni heri kusubiri, na ndiyo maana chaguo la kawaida wakati wa kupachika folda, yaani kuiunganisha folda ya seva na faili za mteja, ni hard: mteja hurudia ombi lake bila kikomo mpaka seva irudi. Kwenye TCP, njia ya kawaida ya kusafirisha maombi hayo, husubiri sekunde 60 kabla ya kurudia mara ya kwanza, muda unaoandikwa timeo=600 kwa kuwa kipimo chake ni sehemu ya kumi ya sekunde. Ukikuta mahali pameandikwa timeo=60, kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyeandika alikusudia dakika moja akapata sekunde sita.

Mchakato unaosubiri namna hii huonekana kwenye amri ya ps, inayoorodhesha michakato, ukiwa na herufi D, yaani usingizi usiokatika. Linux huihesabu michakato ya D katika wastani wa mzigo wa mashine, kwa hiyo unaweza kukuta kompyuta yenye mzigo wa 40 huku prosesa zake hazifanyi lolote. Hiyo ni dalili ya kwanza kwamba tunashughulika na foleni. Dalili ya pili iko kwenye ujumbe wa kerneli unaosomwa kwa dmesg, ambako mstari unaotaja jina la seva na kumalizia kwa maneno "not responding, still trying" hufuatwa baadaye na mstari mwingine wa seva hiyo hiyo unaoishia kwa "OK". Mistari hiyo miwili ikionekana kwa jozi, hakuna kilichokufa: seva ilitoweka, ikarudi, na kazi ikaendelea pale ilipokuwa imeachwa.

Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu hali hii umepitwa na wakati. Zamani mchakato uliokwama kwa NFS haukuweza kuuawa hata kwa kill -9, amri ya kuua mchakato kwa nguvu, na mtu alilazimika kuwasha mashine upya. Tangu toleo la 2.6.25 la kerneli, lililotoka mwaka 2008, sehemu nyingi za usubiri wa NFS zinakubali kuuawa kwa ishara hiyo moja, na chaguo la intr, ambalo bado linanakiliwa kutoka faili moja ya fstab (orodha ya folda za kupachika mashine inapowaka) hadi nyingine, halina kazi yoyote.

Tazama kwa karibu mfano wa mchakato uliokwama. Mtu ameandika df ili aone nafasi iliyobaki kwenye diski, na amri haikurudi. Ukisoma faili ya stack iliyo chini ya /proc, katika folda yenye namba ya mchakato huo, kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi, utapata orodha ya kazi ambazo kerneli ilikuwa inazifanya, nayo husomwa kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa ni mlango ambao programu iliingilia ndani ya kerneli. Juu yake kuna vfs_statx au jina la jamii hiyo, ambapo kerneli inauliza habari za faili bila kujali iko wapi. Kisha linakuja nfs_getattr, na hapo swali limeshajulikana kuwa ni la mtandao. Linafuata __rpc_execute, ombi likitumwa, na juu kabisa ni rpc_wait_bit_killable, ambalo maana yake ni kwamba ombi limeshatoka na jibu ndilo linalongojwa. Ukiona jina hilo juu, acha kuitafuta hitilafu kwenye mashine hiyo, nenda kwenye kebo, kwenye swichi, au kwenye seva.

Kuna ujumbe mwingine unaowatisha watu zaidi, nao ni ule unaosema kwamba mchakato fulani umezuiwa kwa zaidi ya sekunde 120, ukifuatwa na orodha ndefu ya majina kama hayo. Kwa kuwa una orodha, wengi huudhani ni tangazo la kifo. Si hivyo, ni mlinzi wa kerneli anayepita mara kwa mara na kuripoti michakato iliyolala usingizi usiokatika. Jambo ambalo halijulikani sana ni kwamba mlinzi huyo huiruka makusudi michakato inayosubiri kwa namna inayoweza kuuawa, yaani ile ile inayongoja jibu la NFS. Hivyo anayetajwa kwenye ripoti mara nyingi si aliyeshika kufuli (kizuizi kinachoruhusu mchakato mmoja tu kwa wakati mmoja), bali ni mwingine aliyekuja nyuma yake akitaka folda hiyo hiyo. Ni kama foleni ya posho mill ambayo anayepiga kelele ni wa mwisho, na mwenye gunia kwenye mashine hajasema neno. Ili kumpata huyo wa mbele, andika herufi w kwenye /proc/sysrq-trigger, na kerneli itaorodhesha michakato yote iliyozuiwa, ikiwemo ile ambayo mlinzi aliiruka.

Hata foleni yenyewe si lazima iwe na kitu kilichoharibika. Chukua ofisi ya Nakuru ambayo imepachika folda ya seva iliyoko Kisumu kupitia kiungo cha megabiti 10 kwa sekunde, na mashine yenye memori ya gigabaiti 32. Kerneli huruhusu data ambayo bado haijaandikwa ifike takriban asilimia 20 ya memori iliyopo kabla ya kumzuia mwandishi, yaani zaidi ya gigabaiti 6. Mtu anayenakili faili kubwa huona kazi ikikimbia kwa kasi ya ajabu, kwa sababu data inaingia kwenye memori tu. Faili inapofungwa, NFS inadai kila kitu kifike kwenye seva kwanza, na gigabaiti 6 kwenye kiungo cha namna hiyo, kinachobeba megabaiti 1.25 kwa sekunde, zinahitaji zaidi ya saa moja na robo. Katika muda huo wote amri imeganda, sync, inayolazimisha data iandikwe, imeganda, na ujumbe wa sekunde 120 umetokea mara kadhaa. Hakuna kerneli iliyokosea hapo. Tiba ni kupunguza kiwango hicho kwa vm.dirty_bytes, au kuacha kabisa kutumia NFS kwa masafa hayo na kuhamisha faili kwa rsync. Mimi ningechagua la pili.

Tatizo jingine linalofanana na kifo hutokea pale ambapo folda inafunguka, orodha ya faili fupi inaonekana, lakini kusoma faili kubwa kunaganda milele. Mara nyingi kuna mtu aliyeweka ukubwa wa pakiti kuwa 9000 kwenye seva na mteja, na katikati kuna swichi iliyonunuliwa kwa haraka baada ya ile ya kwanza kuungua, ambayo haijui zaidi ya 1500. Maombi madogo hupita, makubwa hutupwa kimya kimya. Amri ya ping yenye chaguo la -M do, linalokataza pakiti kukatwa vipande, na ukubwa wa 8972 huonyesha ukweli mara moja: ikikosa jibu huku ile ya 1472 ikijibiwa, chanzo kimepatikana.

Mtu aliyechoshwa na usubiri huu hushawishika kuweka soft badala ya hard, ili ombi likishindwa mara kadhaa programu ipewe hitilafu na maisha yaendelee. Mwongozo wa NFS wenyewe unaonya kwamba chaguo hilo linaweza kuharibu data bila mtu kujua, kwa sababu programu nyingi hazichunguzi kama uandishi umefaulu. Kwa folda za kusoma tu, soft haina ubaya mkubwa. Kwa faili za wanafunzi au vitabu vya hesabu za chama cha akiba, mashine iliyoganda ni afadhali kuliko hesabu iliyoandikwa nusu.

Tufike sasa kwenye vifo vya kweli. Kerneli ya Linux ina ngazi mbili za kuanguka. Ya kwanza huitwa oops: kerneli imegundua kosa ndani yake, imeua mchakato uliokuwa ukiendelea, na inajaribu kuendelea na kazi. Ya pili ni panic, ambapo imeamua kwamba kuendelea ni hatari na imesimama kabisa. Ile ya kwanza ndiyo yenye hila, kwa kuwa mchakato uliouawa huenda ulikuwa umeshika kufuli ambalo halitaachiliwa tena. Baada ya dakika chache michakato mingine inapanga foleni nyuma ya kufuli hilo, na dalili zinazoonekana ni zile zile za usubiri tulizozieleza. Tofauti ni kwamba hapa kurejea kwa seva hakuleti nafuu yoyote. Kwa mashine ambayo lazima irudi kazini yenyewe, ninapendelea kuweka kernel.panic_on_oops kuwa 1 na kernel.panic kuwa 10, ili kosa la kwanza liwe la mwisho na mashine ijiwashe baada ya sekunde kumi.

Lakini kujiwasha bila kuacha ushahidi ni hasara. Makosa makubwa ninayoyakuta katika taasisi zinazotumia NFS ni kwamba logi nazo zinaandikwa kwenye folda ya NFS, kwa hiyo siku kerneli inapoanguka ndani ya moduli ya nfs, maelezo ya kuanguka yanatakiwa kupita kwenye moduli hiyo hiyo. Ushahidi lazima upewe njia nyingine. Iliyo bora ni kdump: wakati wa kuwasha mashine hutengwa sehemu ya memori, tuseme kwa crashkernel=256M, ambamo kerneli ya pili hukaa tayari, na ya kwanza ikianguka ya pili inaamka na kuhifadhi picha ya memori kwenye /var/crash. Kdump yenyewe inaweza kuelekezwa kuhifadhi kwenye NFS. Kwa tatizo hili usifanye hivyo, tumia diski ya ndani hata kama ni ndogo. Njia nyepesi zaidi ni netconsole, ambayo hutuma ujumbe wa kerneli kwa UDP kwenda kwenye mashine nyingine, kwa kawaida poti ya 6666, bila kupitia faili yoyote. Ikiwa mshukiwa ni draiva ya kadi ya mtandao, netconsole nayo itanyamaza, na hapo hubaki kebo ya serial au pstore, ambayo huhifadhi maneno ya mwisho kwenye sehemu ya memori isiyofutika mashine inapojiwasha. Chochote utakachochagua, kijaribu kwa kuandika herufi c kwenye /proc/sysrq-trigger, amri inayoiangusha kerneli kwa makusudi, na ufanye hivyo Jumamosi jioni watu wakiwa wameenda nyumbani.

Ushahidi ukipatikana, usianze na orodha ndefu ya majina. Anza na mstari wa kwanza. Tuseme unasema kwamba kerneli ilijaribu kufuata kielekezi kitupu katika anwani ya 0000000000000018. Anwani hiyo ndogo inaeleza mengi: msimbo ulitarajia kukuta muundo fulani wa data, ukapewa sifuri, kisha ukajaribu kusoma sehemu iliyo baiti 24 kutoka mwanzo wake. Kuna mahali ambapo muundo huo ulipaswa kuwekwa haukuwekwa, au uliondolewa mapema. Ukikuta anwani inayoanza na dead na kuishia na 100 au 122, hizo ni alama ambazo kerneli huziweka kwa makusudi kwenye kipengele kilichokwisha kuondolewa kwenye orodha, na maana yake ni kwamba mtu mwingine bado alikuwa anakitumia. Mfululizo wa 6b6b6b6b, unaoonekana ukiwasha slub_debug, chaguo la kerneli la kukagua memori, husimulia kisa hicho hicho kuhusu memori iliyokwisha kurudishwa. Visa hivyo vya mwisho ni vya kawaida pale ambapo folda inapachuliwa kwa umount -f huku maombi yakiwa njiani, na ni makosa ya msimbo, si ya fundi.

Anwani ikiwa inakaribia kuwa sahihi lakini biti moja imegeuka, na kila anguko likitokea mahali tofauti, sahau NFS na uwashe memtest86+, programu ya kupima memori, usiku kucha. Mawimbi ya stima yanayofuata radi hayaui kila mara kwa mshindo. Wakati mwingine huacha kipande cha memori kinachokosea mara moja kwa wiki, na kwa kuwa seva ya faili hupitisha data nyingi kwenye memori yake, lawama huiangukia moduli ya nfsd.

Mstari wa RIP kwenye ripoti ya oops hutaja kazi (function) ya msimbo iliyokuwa ikiendelea, kwa mtindo wa jina likifuatwa na namba mbili, kwa mfano +0x1d/0x60, yaani baiti ya 29 ndani ya kazi yenye urefu wa baiti 96, na mabano ya mraba yanayofuata hutaja moduli. Nfs au sunrpc humaanisha upande wa mteja, ingawa sunrpc hutumika pia na seva. Nfsd ni seva yenyewe. Majina yenye alama ya kuuliza mbele yake kwenye orodha yapuuze kwanza, kwa kuwa kerneli haina uhakika nayo. Kisha tazama herufi za Tainted, alama za mambo yaliyoichafua kerneli: P ikimaanisha moduli isiyo na msimbo huria, O moduli iliyojengwa nje ya kerneli, M hitilafu ya mashine yenyewe, na D kwamba kerneli ilikwisha kupata oops kabla ya hii. Ukiona D, unasoma matokeo, si chanzo. Rudi juu kwenye logi utafute oops ya kwanza isiyo na herufi hiyo.

Aina moja ya mgando haiachi oops kabisa, nayo ni ya kujitakia. Seva inapachika folda yake yenyewe kupitia NFS, au seva mbili zinapachikana, kila moja ikitumia folda ya mwenzake. Memori ikibana, kerneli inataka kuandika data ya NFS ili ipate nafasi, lakini nfsd iliyo kwenye mashine hiyo hiyo inahitaji memori ili iipokee data hiyo, na hakuna anayeanza. Hata bila kubanwa kwa memori, stima ikirudi baada ya kukatika seva hizo mbili huamka pamoja na kila moja inasubiri folda za mwenzake kabla ya kuanza kutoa zake. Maneno nofail na x-systemd.automount kwenye fstab huondoa fundo la kuamka. Fundo la memori linaondolewa kwa bind mount peke yake, yaani kupachika folda moja kwa moja bila kupitia NFS, folda ikiwa ni ya ndani. Na hata seva ikiamka salama, ikiwa ni NFS toleo la 4 itakaa kwa kawaida sekunde 90 ikiwapa wateja wa zamani nafasi ya kudai kufuli zao, na katika muda huo haifungui faili mpya. Wengi huiwasha upya katika sekunde ya sitini, na kuanza kuhesabu tena.

Oops ikiwa imethibitika na memori ikiwa nzima, washa kerneli ya zamani iliyobaki kwenye menyu ya GRUB, inayotokea mashine inapowashwa. Ikiwa haianguki, kosa limeingia kati ya matoleo hayo mawili, na git bisect, amri ya kutafuta badiliko lenye kosa kwenye historia ya msimbo, hulipata kwa kugawanya nusu kwa nusu: mabadiliko 10,000 huhitaji majaribio yapatayo 14 tu. Badilisha upande mmoja kwa wakati mmoja, mteja au seva. Ikiwa utamripotia mtunzaji wa toleo lako la Linux, mpelekee oops ya kwanza ikiwa kamili, matoleo ya kerneli za pande zote mbili, pakiti za poti ya 2049 zilizonaswa kwa tcpdump, na chaguo za upachikaji kama zinavyosomeka kwenye /proc/mounts. Usinakili zile za fstab, kwa sababu mteja na seva hujadiliana wakati wa kupachika, na kinachotumika mara nyingi si kile ulichoandika.